Chuchu bapa na zilizoingia ndani: zinatokana na nini, na kipi kinasaidia kweli

Mtoto amezaliwa salama, analia, anataka titi. Bibi aliyekuja kusaidia anamtazama mzazi kifuani halafu anasema: "Huyu hana chuchu, mtoto atanyonya nini?" Neno dogo tu, lakini linaweza kuamua mtoto atalishwa nini miezi 6 ijayo. Maziwa ya ng'ombe yanachemshwa, maji ya sukari yanakorogwa, na titi lenye maziwa yake linaachwa mpaka linakauka.

Tatizo lenyewe, kwa wanawake wengi, linatatulika. Wala halihitaji dawa.

Chukulia mama wa Mitundu, kata ya Halmashauri ya Itigi mkoani Singida, upande wa barabara inayoshuka kuelekea Rungwa. Huko watu wanalima, wanafuga na kurina asali. Hospitali kubwa inayojulikana kwao ni ya Mtakatifu Gaspar, nayo iko Itigi. Mzazi akijifungua leo na kuruhusiwa kesho, msaada ulio karibu naye usiku ule ni mama mkwe, shangazi na simu. Na simu nayo ina mambo yake. Ukitafuta habari za chuchu bapa, kabla hujamaliza kusoma umeshaletewa tangazo la mafuta ya "kusimamisha chuchu ndani ya siku 7".

Hayo mafuta tutayafikia. Kwanza tujue tunazungumzia nini.

Bapa ni ipi, na iliyoingia ndani ni ipi?

Chuchu bapa imelala usawa mmoja na ule weusi unaoizunguka. Haijitokezi hata ukiwa na baridi, hata ikiguswa. Iliyoingia ndani imekwenda mbali zaidi: katikati kuna kishimo, mfano wa kitovu. Mtu anaweza kuwa hivyo titi moja tu na jingine likawa la kawaida. Kama ndivyo alivyo tangu usichana, hilo peke yake halina ubaya.

Kuna kipimo ambacho mwanamke anaweza kujifanyia mwenyewe bafuni. Weka kidole gumba upande mmoja wa ule weusi na kidole cha shahada upande wa pili, ukingoni kabisa, si kwenye chuchu yenyewe. Bonyeza taratibu kuelekea kifuani huku ukivisogeza vidole vikutane. Chuchu ya kawaida itachomoza mbele. Iliyo bapa kweli itabaki palepale. Iliyovutwa ndani itazidi kuzama.

Kipimo hiki kinawashangaza wengi. Zipo chuchu ambazo kwa macho ni bapa kabisa, lakini zikibonyezwa hivi zinachomoza vizuri tu, na mtoto akizikamata hazimsumbui. Nyingine zimesimama vizuri kwa kuzitazama, ila zikibanwa zinakimbilia ndani. Kwa hiyo bibi anayetoa hukumu kwa macho anaweza kukosea kwa pande zote mbili.

Madaktari wa upasuaji wana mgawanyo wao, uliotolewa mwaka 1999 na Han na Hong wa Korea Kusini. Ngazi ya 1 ni chuchu inayotoka kirahisi kwa vidole na kukaa nje kwa muda. Ngazi ya 2 inatoka, lakini ukiiachia inarudi. Ngazi ya 3 imezama sana, na kuitoa kwa mkono ni shida au haiwezekani. Hii ya 3 ndiyo ya wachache, na ndiyo yenye kazi ngumu zaidi wakati wa kunyonyesha.

Inasababishwa na nini?

Kwa walio wengi jibu ni fupi: wamezaliwa hivyo. Ndani ya titi kuna mirija inayopeleka maziwa mpaka kwenye chuchu, na kati ya mirija hiyo kuna nyuzi zinazoshikilia nyama mahali pake. Mirija ikiwa mifupi, au nyuzi zikiwa zimekaza, chuchu inavutwa ndani kama kifungo kilichoshonwa kwa uzi uliokazwa mno. Wengine nyama iliyo chini ya chuchu ni chache, kwa hiyo haina kitu cha kuisukuma isimame. Hali hii inaweza kutembea kwenye ukoo, mama na binti au dada kwa dada.

Haitokani na sidiria ya kubana. Haitokani na kulala kifudifudi. Wala haina uhusiano na uwezo wa kushika mimba, ingawa wapo wasichana wanaotishwa hivyo.

Kuna jambo moja la nyumbani ambalo linaweza kuharibu titi kweli, na linastahili kusemwa wazi. Mtoto mchanga, wa kike au wa kiume, anaweza kuzaliwa na vijititi vimevimba, hata kutoa tone la maziwa. Ni homoni za mama zilizompitia tumboni, na uvimbe huo huisha wenyewe ndani ya wiki chache. Sehemu nyingine watu huvikamua, wakiamini kwamba wasipofanya hivyo mtoto wa kike hatakuwa na chuchu nzuri. Matokeo yanaweza kuwa jipu, na jipu likipona linaacha kovu ndani, pale pale ambapo titi lilikuwa linajiandaa kukua. Usimkamue mtoto.

Wasichana nao wana zao. Mwaka 2005 watafiti waliandika kuhusu desturi iliyoenea Afrika Mashariki ya wasichana kukamata wale wadudu weusi wanaozunguka juu ya maji na kuwaweka kwenye matiti wawang'ate, ili matiti yakue. Wengi waliosoma shule za vijijini wanaijua michezo ya namna hii, wakiwa na wadudu hao au hata siafu. Hakuna mdudu anayerefusha mirija ya maziwa. Anachoacha ni kidonda.

Ukweli ni kwamba binti anayeanza kuvunja ungo mara nyingi ana chuchu bapa kwa sababu titi halijamaliza kukua. Ni kumwacha tu. Na mimba nayo huleta mabadiliko makubwa: homoni hulainisha nyama, titi linakua, na chuchu nyingi zilizokuwa zimelala zinaanza kuchomoza zenyewe kadiri miezi inavyosonga. Anayeambiwa mimba ikiwa ya miezi 4 kwamba "hutaweza kunyonyesha" ameambiwa mapema mno.

Kisha kuna ubapa wa muda, ambao unawachanganya watu wengi wodini. Siku ya 3 au ya 4 baada ya kujifungua maziwa yanaingia kwa wingi. Titi linajaa, ngozi inakaza kama mpira uliopulizwa, chuchu inapotea. Mama aliyewekewa dripu nyingi wakati wa uchungu au upasuaji anaweza kuvimba zaidi. Hapo chuchu haina kasoro yoyote, iliyopo imezamishwa na uvimbe tu. Kinachotakiwa ni kupunguza ujazo.

Mabadiliko mapya ni habari nyingine

Yote yaliyotangulia yanamhusu mwanamke ambaye chuchu zake zimekuwa hivyo siku zote. Aliyekuwa na chuchu iliyosimama miaka yote, halafu ya upande mmoja ikaanza kuingia ndani bila mimba wala kunyonyesha, asisome makala za simu kutafuta tiba. Aende hospitali.

Inaweza kuwa jambo dogo. Mirija iliyo chini ya chuchu hutanuka na kukaza kadiri umri unavyosogea. Uambukizi wa titi unaojirudia, hasa kwa wanaovuta sigara, unaweza kuacha kovu linalovuta chuchu. Kifua kikuu nacho, mara chache, hushambulia titi. Lakini inaweza pia kuwa saratani inayokua ndani na kuivuta chuchu kuelekea kwake. Kama kuna na uvimbe mgumu, ngozi iliyokuwa na vishimo mfano wa ganda la chungwa, damu inayotoka kwenye chuchu, kidonda au upele wa chuchu usiopona, au tezi kwapani, basi usisubiri mavuno yaishe.

Saratani ya matiti ni ya pili kwa kuwapata wanawake Tanzania, baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wengi wanafika hospitali ikiwa imeshasambaa. Kwa mtu wa Itigi njia ya kawaida ni kuanzia kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, apewe rufaa kwenda mkoani au Dodoma, na ikibidi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Safari ni ndefu, na nauli ndiyo inayowakwamisha wengi. Ila uvimbe mdogo unatibika kwa gharama ndogo kuliko mkubwa, na uwezekano wa kupona ni tofauti kabisa.

Mtoto hanyonyi chuchu

Sasa turudi kwa mzazi wetu, maana hapa ndipo penye kiini cha mambo.

Mtu mzima akifikiria kunyonya anafikiria mrija wa soda: kitu chembamba, unakibana kwa midomo, unavuta. Mtoto hafanyi hivyo. Mtoto anayenyonya vizuri anafungua kinywa kama anayepiga mwayo, anaingiza chuchu pamoja na sehemu kubwa ya ule weusi, na ulimi wake unakamua kutokea chini. Akishakamata, nyama yote hiyo inavutika na kuwa mfano wa chuchu ndefu ndani ya kinywa. Mafunzo ya unyonyeshaji ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF yanaeleza kwamba katika umbo hilo chuchu yenyewe ni kama theluthi 1 tu. Theluthi 2 zilizobaki ni titi.

Kwa hiyo swali kubwa si chuchu ina urefu gani, ni titi lake linavutika kiasi gani. Titi laini lenye chuchu bapa linanyonyeka. Titi lililokaza kwa kujaa linasumbua hata kama chuchu ni ndefu.

Chuchu iliyosimama ina faida moja ya kweli: inagusa paa la kinywa cha mtoto na kumkumbusha anyonye. Isipofika pale, mtoto anaweza kuhangaika, kulia, kugeuza kichwa. Mama anaona mtoto amekataa titi. Kumbe hajakataa, hajaliona tu.

Je, mjamzito avute chuchu kabla?

Ushauri huu ni wa zamani na umeenea hadi kliniki: paka mafuta, vuta chuchu asubuhi na jioni mpaka zitoke. Uliandikwa rasmi mwaka 1953 na daktari wa Marekani aliyeitwa Hoffman, aliyependekeza kuvuta ngozi kwa vidole kuelekea pande tofauti ili nyuzi zilegee. Vikaja pia vikombe vya plastiki vya kuvaa ndani ya sidiria.

Ulipojaribiwa, haukufaulu. Uingereza mwaka 1992 wanawake 96 waliokuwa na mimba ya kwanza na chuchu za aina hii waligawanywa kwa kura. Baada ya wiki 6 za kujifungua, walioambiwa wavae vikombe ndio walioacha kunyonyesha zaidi kuliko wasioambiwa wavae. Mwaka 1994 ukatoka utafiti mkubwa zaidi wa Uingereza na Kanada, wanawake 463, na mazoezi wala vikombe havikuleta faida yoyote. Pengine kumwambia mwanamke kila siku kwamba kifua chake kina kasoro kunamvunja moyo kabla hata mtoto hajazaliwa.

Zaidi ya hapo, kuchezea chuchu kunaamsha homoni ya oksitosini, ile ile inayobana mji wa mimba. Aliyewahi kuzaa njiti, anayetokwa damu au aliyeambiwa ana hatari ya uchungu kuanza mapema hatakiwi kabisa kufanya mazoezi hayo.

Kitu cha kufanya ukiwa mjamzito ni chepesi: mwoneshe nesi kliniki, muulize, na umwambie mapema kwamba siku ya kujifungua utahitaji mtu akae nawe wakati wa kumweka mtoto kwenye titi. Mwambie pia atakayekuja kukulea, akiwa mama au mama mkwe, ili maji ya sukari yasitangulie.

Saa za kwanza

Mtoto akizaliwa akiwa mzima, alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na aanze kunyonya ndani ya saa 1. Kwa mwenye chuchu bapa saa hii ina thamani ya ziada, kwa sababu titi bado laini. Maziwa mengi hayajaingia. Mtoto anajifunza kulikamata titi kabla halijakaza, na siku ya 3 likijaa anakuwa ameshazoea.

Kinachotoka hapo ni dang'a, yale maziwa mazito ya njano ambayo baadhi ya watu huyamwaga wakidhani yamechacha. Ni machache, na yanatakiwa yawe machache. Tumbo la mtoto wa siku 1 ni dogo sana, vijiko vidogo vichache vinamtosha.

Mkao unaleta tofauti kubwa. Mama anaweza kujilaza nusu, mgongo ukiegemea mito au kanga zilizokunjwa, mtoto akalala juu ya kifua kwa tumbo na kulitafuta titi mwenyewe. Au amshike mtoto chini ya kwapa, miguu ikielekea mgongoni kwa mama, ili akiongoze kichwa vizuri. Mkono mwingine unashika titi kwa umbo la herufi C, gumba juu na vidole chini, mbali na ule weusi, na kulibinya kidogo ili liwe jembamba kama mtu anavyobana mkate mnene ili uingie kinywani. Subiri kinywa kifunguke sana, halafu mlete mtoto kwenye titi. Si titi kwa mtoto.

Kama titi limekaza, anza kulilainisha. Weka ncha za vidole kuzunguka kitako cha chuchu na ubonyeze kwa upole kuelekea kifuani kwa dakika 1 hivi, kisha sogeza vidole na urudie. Uvimbe unasukumwa nyuma, nyama ya mbele inalegea, na chuchu inapata nafasi ya kujitokeza. Kukamua matone machache kwa mkono kabla ya kumnyonyesha kunasaidia vilevile, na mtoto akionja maziwa kwenye ngozi anatulia.

Bomba la sindano

Hii ndiyo mbinu ambayo watu wengi hawajaisikia, na ni ya bei ndogo kuliko zote. Ilielezwa na madaktari wa India mwaka 1993 na baadaye ikaingia kwenye mafunzo ya Shirika la Afya Duniani. Inafanywa baada ya kujifungua, muda mfupi kabla ya kunyonyesha.

Linahitajika bomba jipya la mililita 20, au la 10 kwa mwenye chuchu ndogo. Sindano yenyewe haitumiki, weka pembeni. Mkato unapita upande wa mbele, pale sindano inapochomekwa, kwa wembe au kisu safi. Kisukumio kinatolewa na kuingizwa upya kupitia upande huo uliokatwa. Sasa ule upande laini uliokuwa wa nyuma, wenye masikio, ndio unaokaa kwenye titi. Ukiweka upande uliokatwa utajichana, kwa hiyo hapo pana umakini.

Mama anaweka bomba juu ya chuchu na kuvuta kisukumio polepole mpaka chuchu iingie. Anashikilia kwa sekunde 30 hadi dakika 1, halafu anasukuma kidogo kurudisha hewa kabla ya kutoa bomba. Ikiuma, amevuta kwa nguvu mno. Inarudiwa mara kadhaa kwa siku. Chuchu ikiwa bado nje, mtoto anawekwa haraka. Bomba linaoshwa kwa sabuni na maji moto, na halichangiwi na mtu mwingine.

Ni vyema nesi akuandalie bomba la kwanza na kukuonesha, kwa sababu makosa ya kulikata ni rahisi kutokea. Mwenye pampu ya kukamua maziwa anaweza kuitumia kwa kazi hiyo hiyo, dakika 1 au 2 tu.

Mtoto akichelewa kujifunza

Wengine wanachukua siku 3, wengine wiki 2. Muda huo mtoto lazima ale na titi lazima likamuliwe, la sivyo maziwa yanapungua. Mama anakamua kwa mkono kila baada ya saa 2 au 3, usiku pia, na mtoto ananyweshwa kwa kijiko au kikombe kidogo safi. Kikombe, si chupa. Chupa inampa mtoto chuchu ndefu ngumu isiyohitaji kinywa kufunguka sana, akirudi kwenye titi bapa analikataa. Na kuchemsha chupa vizuri kwa kuni kila baada ya saa 3 ni mtihani kwa nyumba yoyote.

Madukani mjini kuna chuchu za silikoni za kuvalisha juu ya titi. Zinaweza kusaidia kwa muda mfupi, kama maziwa yameshaanza kutoka vizuri na kuna mhudumu anayefuatilia uzito wa mtoto. Zikivaliwa miezi bila mtu kuangalia, titi linaweza lisikamuliwe vya kutosha.

Utajuaje kama anashiba? Angalia nepi. Kuanzia siku ya 5 hivi mtoto anayepata maziwa ya kutosha anakojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na mkojo si wa rangi nzito. Kupungua uzito kidogo siku za mwanzo ni kawaida, lakini akipungua zaidi ya asilimia 10, au hajarudia uzito wa kuzaliwa kufikia wiki 2, anahitaji kuonwa. Mtoto anayelala mno mpaka haamki kunyonya, mwenye macho au ngozi ya njano inayozidi, aliyekaukiwa mdomo au asiyekojoa, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku na bodaboda ndiyo iliyopo. Mtoto mchanga anaishiwa maji haraka.

Mwenye chuchu bapa yuko pia kwenye hatari zaidi ya kupata michubuko, kwa sababu mtoto akikamata vibaya anatafuna ncha tu. Dawa ya kwanza ni kurekebisha jinsi anavyokamata, si kupaka kitu. Kwa mama anayeishi na VVU jambo hili lina uzito wake: chuchu iliyochanika au kutoa damu inaongeza uwezekano wa kumwambukiza mtoto. Aendelee na dawa zake bila kuruka, asimnyonyeshe kwa titi lenye kidonda mpaka lipone, alikamue na kumwaga, na afike kliniki mapema.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 64 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miezi 6 wanalishwa maziwa ya mama pekee. Hiyo 36 iliyobaki ina sababu nyingi, kazi, njaa ya mama, desturi. Lakini ndani yake wamo walioachishwa titi wiki ya kwanza kwa sababu mtu mmoja alisema hana chuchu.

Mafuta, vifaa na upasuaji

Hakuna mafuta wala krimu inayoweza kurefusha mirija iliyo ndani ya titi. Ngozi inaweza kusisimka kwa pilipili au mnanaa uliochanganywa humo, chuchu ikasimama dakika 10, mteja akaamini. Wanaouza kwa simu wanalijua hilo. Mtoto akinyonya titi lililopakwa vitu hivyo ni hatari nyingine.

Kuna kifaa kinachoitwa Niplette, kilichoelezwa mwaka 1994 na daktari wa upasuaji wa Uingereza, Douglas McGeorge. Ni kikombe kidogo kinachovuta chuchu kwa hewa, na huvaliwa kwa saa nyingi kila siku kwa wiki au miezi. Kinafaa zaidi kwa ngazi ya 1 na ya 2, kwa mwanamke asiye na mimba. Bei yake na shida ya kukipata halisi inawaweka mbali wanawake wengi wa vijijini.

Upasuaji upo, na unafanywa na madaktari wa kurekebisha maumbile kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili. Kwa chuchu ya ngazi ya 3 daktari mara nyingi analazimika kukata zile nyuzi zinazovuta, na mirija ya maziwa inaweza kukatwa pamoja nazo. Chuchu inasimama, lakini titi linaweza lisitoe maziwa tena. Zipo njia zinazojaribu kuiacha mirija, ila zina uwezekano mkubwa zaidi wa chuchu kurudi ndani. Ndiyo maana binti wa miaka 20 anayetaka upasuaji kwa ajili ya muonekano anaulizwa kwanza kama anategemea kuzaa, na jibu la kweli ni bora kuliko la haraka.

Anayeona aibu mbele ya mwenzake naye asikilizwe, maana wapo wanaovua nguo gizani miaka yote ya ndoa. Hisia za chuchu bapa kwa kawaida ni kama za chuchu nyingine yoyote.

Na kwa wale wa mtoto wa kwanza, wakunga wanaona jambo moja mara kwa mara: kunyonya kwenyewe kunavuta. Mtoto akinyonya miezi mingi, nyuzi zinalegea kidogo kidogo, na chuchu za wanawake wengi zinabaki nje zaidi kuliko zilivyokuwa. Mtoto wa pili anapozaliwa, mara nyingi anakuta njia imeshafunguliwa na kaka au dada yake.